Mtu Amepatikana?

Giza lilikuwa linaanza kuingia shemeji yake Mama Pointi alipopiga hodi, boksi la tableti mpya likiwa kwapani.

"Hodi kwa mke wangu!"

"Mkeo yuko kwako, anakusubiri na mwiko," Mama Pointi alijibu bila kuinua kichwa. "Ingia. Na ufute miguu."

Ndivyo walivyokuwa wakitaniana tangu siku ile Mama Pointi alipoolewa na kaka wa shemeji huyu. Lakini jioni hiyo shemeji hakucheka. Alifuta miguu, akaingia, akabaki wima katikati ya karakana, hajui pa kuweka mikono. Kiti cha wageni kilikuwepo, kile chenye mto wa bluu, ila gati zima lilijua kwamba hakikaliwi. Kilikuwa cha Nahodha, mumewe.

Jina la kuzaliwa la huyu mama watu walishalisahau. Kazi yake ilikuwa kuhamisha pointi, na wewe unayetaka kucheka, ngoja kwanza. Baharini hakuna vibao vya barabarani. Kila nahodha ana mashine yake ya ramani, na humo ameweka alama zake: hapa pana mwamba, hapa pita, hapa tia nanga, hapa usithubutu. Hizo alama ndizo pointi, na pointi zikifuatana zinakuwa njia. Sasa nunua mashine mpya uone. Mashine hizi hazisikilizani kabisa. Moja inaandika hivi, nyingine inasoma vile, na pointi ikikosewa kidogo tu umepanda mwamba. Mama Pointi alikuwa mshenga wao. Kwa kadi, kwa waya, kwa simu, alizipatanisha mpaka zikaelewana, na hapakuwa na chombo pale gatini ambacho njia zake hazikupita mikononi mwake.

"Boti iko tayari," shemeji alisema, akiweka boksi mezani. "Alfajiri tunang'oa nanga. Ngongoti ameshapeleka godoro lake, usiku huu analala huko huko."

Ngongoti ndiye mtoto wa pekee wa Mama Pointi. Walimwita hivyo kwa urefu, maana kila mlango aliuinamia. Hii ingekuwa safari yake ya kwanza ya kupeleka mizigo visiwani, kwenye njia ya baba yake, kupitia ile milango mitatu ya miamba. Tangu Nahodha apotee, hakuna aliyeipita salama. Boti mbili zilijaribu, zikapasuka matumbo.

"Kwa hiyo bila pointi za marehemu..."

"Usimwite marehemu."

"Samahani. Za kaka." Shemeji alimeza mate. "Lakini yule mwingine... usimlete, shemeji."

"Namjua."

"Ile nyekundu."

"Nimesema namjua!"

Akaondoka bila hata kuomba chai, yeye ambaye huombaga chai hata msibani.

Sasa nikueleze hiyo nyekundu. Kila mashine ya baharini ina kitufe kimoja cha shida. Mtu akianguka, aliye karibu anakibonyeza. Papo hapo mashine inatia alama nyekundu mahali hapo, inaiandika MTU MAJINI, na inachora mstari wa kukurudisha kwake. Haichoki. Itakuelekeza leo, kesho na mwakani, mpaka uiambie yamekwisha.

Nahodha alizolewa na wimbi asubuhi moja ya mvua. Shemeji ndiye aliyebonyeza. Walizunguka pale mpaka mafuta yakakaribia kwisha, wakarudi na kofia yake tu. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi. Mama Pointi akaichukua mashine, akaifunga ndani ya sweta la mumewe, akaiweka kabatini.

Na watu wa gatini wana mwiko wao. Alama ya mtu majini haihamishwi. Chombo utakachoihamishia ndicho kitakachodaiwa kumtafuta. Alitokea mjuaji mmoja akasema huo ni upuuzi. Akanunua mashine kuukuu, akahamisha kila kilichokuwamo, na alama nyekundu ndani yake. Boti yake ilikutwa baharini inazunguka mahali pamoja, injini inanguruma. Watu, hakuna. Viatu vyao vyote vilikuwa vimepangwa ukingoni, jozi kwa jozi, ncha zikielekea majini. Sikwambii uamini. Nakwambia ilikutwa.

Mama Pointi alifunga mlango. Akawasha redio ili pawe na mtu anayeongea mle ndani. Sufuria ya chakula ilikuwa jikoni, imejaa. Mpaka leo alikuwa anapika cha watu watatu, cha mmoja anamwaga. Kuanzia kesho angekuwa anapikia nani? Aliliwaza hilo, akalifukuza. Akafungua kabati, akalitoa lile sweta, akalinusa kama kawaida yake. Harufu ilishakwisha zamani. Pua yake tu ndiyo iliyokuwa inakumbuka.

Lakini jioni ile harufu ilikuwepo.

Dizeli na sabuni ya kufulia. Mwanaume yule hakuwahi kununua sabuni ya kuogea maisha yake yote; alisema povu ni povu. Mama Pointi alisimama na sweta usoni kwa muda mrefu. Kisha akaiunganisha mashine na umeme.

Tii.

Kioo kikawaka. Pwani ikajichora, bandari, bahari. Kutoka pale alipokuwa amesimama ukatoka mstari mwekundu, ukavuka maji, ukaenda mbali kabisa nje ya miamba.

Tii... tii...

"Nimesikia," alinong'ona. "Nimesikia, baba Ngongoti."

Alijua la kufanya. Mashine ambayo bado inaongoza haihamishwi kitu. Unaisimamisha kwanza, la sivyo alama inakoelekea inaung'ang'ania mzigo wote kama kupe. Aliwafundisha wenzake hilo mara chungu nzima. Akabonyeza pa kusimamisha. Mashine ikamuuliza, kwa maneno ya Kiswahili aliyoiwekea yeye mwenyewe enzi hizo, mumewe akimcheka:

MTU AMEPATIKANA?

Chini yake, NDIYO na HAPANA. Ukitaka isimame ni lazima useme ndiyo.

Fundi mwingine angebonyeza akaendelea na kazi. Ni kitufe tu! Yeye alinyoosha kidole, akakirudisha. Amepatikana wapi? Nani kampata? Angewezaje kusema amepatikana, na yeye kila jioni anaacha taa ya nje inawaka?

Akabonyeza HAPANA. Akasema moyoni, nitaiacha tu ile nyekundu, nitachagua nyingine. Akaiondolea tiki kwenye orodha, akachomeka kadi.

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simlaumu. Wewe una nani majini?

Pointi zilihamia kwenye tableti bila shida. Mlango wa Kwanza. Mlango wa Pili. Usithubutu. Geuza Hapa Mjinga Wewe. Aliposoma hiyo ya mwisho alicheka peke yake, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta. Akashuka chini ya orodha kuhakikisha.

MTU MAJINI.

Alidhani amekosea kuchagua. Akafuta zote, akachagua upya, moja moja, akiziita kwa sauti. Ile nyekundu hakuigusa. Akahamisha tena.

Imo.

Na haikuwa mahali pake. Mwanzo ilikuwa mbali huko, nje ya miamba. Sasa ilikuwa kwenye mdomo wa bandari, karibu na taa ya kijani inayoongoza meli.

Redio ikakwaruza... ikanyamaza.

"Hapana," Mama Pointi alisema. "Hapana, hapana. Kadi imeharibika." Akaitoa, akaitupa kwenye droo. Basi ataziandika kwa mkono, nambari kwa nambari, hata kama itamchukua usiku kucha. Mtoto hawezi kwenda kwenye miamba ile akiwa kipofu, na hawezi kwenda na hili jambo. Akavuta kiti, akaivaa miwani, akafungua orodha kwenye ile mashine ya zamani asome.

MTU MAJINI.
MTU MAJINI.
MTU MAJINI.

Ukurasa mzima. Akageuza ukurasa wa pili. Ni yeye. Wa tatu. Ni yeye. Milango yote mitatu ilikuwa imefutika majina, imebaki hiyo tu.

Akaigeukia tableti polepole.

Alama nyekundu ilikuwa gatini.

Nje palikuwa kimya. Mbwa wa mlinzi, ambaye hubwekea hata kivuli chake, hakubweka. Kisha ukasikika mlio. Wa chini, wa mbali kidogo, kwenye saruji ya gati.

Chwa.

Kimya.

Chwa... chwa...

Mama Pointi aliujua mlio huo. Ni viatu vilivyojaa maji. Akazima taa ya ndani, kisha akajuta, kwa sababu kioo cha mashine kikamwangaza uso mzima wekundu.

Chwa... chwa... chwa.

Mlangoni.

Harufu ikapita chini ya mlango. Dizeli. Sabuni ya kufulia. Na chini ya hizo harufu ya tatu, ya kitu kilichokaa majini muda mrefu.

"Kisebusebu..."

Mama Pointi akausogelea mlango.

Hakuna mtu duniani aliyelijua jina hilo ila mumewe. Mama Pointi alipokuwa msichana, huyu mwanaume alikuja kumposa, naye msichana akasema sitaki, sitaki, huku anachungulia dirishani kama ameshaondoka. Kisebusebu na kiroho papo. Tangu hapo wakiwa wawili alimwita hivyo, chumbani tu, taa ikishazimwa. Shemeji hajui. Mtoto hajui.

"Kisebusebu, fungua. Baridi."

"Ni... ni nani?"

"Unaniuliza mimi nani?"

Sauti ilikuwa yake. Imechoka tu. Mama Pointi aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, na ng'ambo ya pili akasikia kiganja kingine kikiwekwa, hapo hapo, na ubaridi ukapenya. Alitamani kufungua. Nasema kweli, alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu. Alishachoka na sufuria ya watu watatu. Mkono wake mwingine ulishashika komeo.

"Mtoto anasafiri kesho," alinong'ona.

"Najua. Nitakwenda naye."

Mkono ukaganda kwenye komeo.

"Umenihamishia kwake," sauti ikasema kwa upole. "Nimeona. Ahsante. Nitakaa naye huko. Ni pweke sana, mke wangu. Wewe unaujua upweke."

"Mwache."

"Ni mwanangu."

"Ni mwanao, kwa hiyo mwache! Nakuomba."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye saruji, tone baada ya tone.

"Basi atakuja nani?"

Mama Pointi akauondoa mkono kwenye komeo.

"Atakuja nani, Kisebusebu?"

Komeo likaanza kusogea lenyewe. Taratibu... kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Mama Pointi aliruka mezani. Mashine ilikuwa inalia bila kupumzika sasa, tii-tii-tii-tii, na lile swali lilikuwa limerudi kwenye kioo, maneno makubwa mekundu. MTU AMEPATIKANA? Aliwaza juu ya Ngongoti amelala kwenye godoro lake, miguu imetokeza nje kama kawaida.

"Nisamehe," alisema.

Akabonyeza NDIYO.

Kimya.

Mlio ulikatika. Komeo likasimama nusu. Redio ikazinduka ikaendelea kutangaza hali ya hewa, mtangazaji akisema bahari itatulia. Mama Pointi alikaa sakafuni na sweta mapajani, akalia mpaka akaishiwa. Alipopata nguvu ya kuishika tableti, milango yote mitatu ilikuwemo, na Usithubutu, na Geuza Hapa Mjinga Wewe. Nyekundu haikuwemo. Akaikagua tena na tena mpaka kukapambazuka. Haikuwemo.

Ngongoti alikuja kuichukua kabla jua halijatoka. Akauinamia mlango, akaangalia chini.

"Mama, umemwaga maji?"

Nyayo zilitoka gatini mpaka kizingitini, zimelowa, wazi kabisa kwenye saruji. Zilikuja. Hapakuwa na za kurudi.

"Nimemwaga," alisema. "Nenda, baba. Usimcheleweshe baba yako mdogo."

"Na wewe ule vizuri. Usiniwekee chakula mimi, nitarudi mwezi ujao."

Alicheka, akambusu kwenye paji la uso kwa kujikunja sana, akaenda. Mama alisimama mlangoni mpaka boti ikaipita taa ya kijani. Kisha akaingia ndani, akaichomoa mashine kwenye umeme, akaifunga ndani ya sweta, akaifungia kabatini. Siku nzima hakufanya kazi. Hakukigusa hata kile kiti, ingawa mto wake wa bluu ulikuwa umekoza rangi katikati kama nguo iliyolowa, na alijua angeugusa angekuta nini.

Magharibi simu iliita.

"Mama! Tumefika!"

Alikaa kitandani kwa furaha. Aliuliza mara mbili, na mtoto akacheka, akamwambia wamefika kweli, milango yote wamepita, chombo hakikuguswa hata rangi. Baba mdogo analia kama mtoto, ukitaka nikupe umsikie. Mama Pointi alicheka, akashukuru, akasema mwache alie, ana haki.

"Ila mama, kuna pointi moja hatuielewi."

"Nyekundu?"

"Hapana, ya kawaida. Iko nje ya miamba, kwenye kina kirefu. Hatukuiona asubuhi, imetokea tu njiani. Baba mdogo alipoona ni wapi akageuza uso. Imeandikwa Kisebusebu. Ndiyo nini hiyo?"

Mama Pointi akaihamishia simu sikio la pili.

"Mama?"

"Ifute."

"Tumeifuta. Inarudi."

"Basi iacheni," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotegemea. "Haiwahusu. Mkirudi msipite hapo. Umenisikia? Hata mkiona nini, msisimame hapo."

"Sawa, lakini..."

"Kula, ulale. Nakupenda, mwanangu."

Akakata simu. Giza lilikuwa limeshaingia na alikuwa amesahau kuwasha taa ya nje, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua. Alibaki amekaa hivyo. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Tii.

Ndani ya kabati. Ndani ya sweta. Bila umeme.

Nyuma yake, karakanani, kiti cha wageni kililia kama kinavyolia mtu mzito anapojiegemeza. Harufu ikamfikia. Hakugeuka.

"Ulisema nimepatikana," sauti ikanong'ona, bila hasira, kama mtu aliyesubiri sana kituoni. "Mbona hujaja?"

"Siji."

"Kisebusebu..."

"Nimesema siji! Sitaki." Alisema hivyo kwa sauti kubwa, tena na tena, sitaki, sitaki, mpaka akahisi upepo wa bahari usoni, akashangaa upepo umetoka wapi, mlango si umefungwa?

Mlango ulikuwa wazi, na yeye alikuwa amesimama mbele yake.

Alihisi baridi ya saruji kwenye nyayo. Akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa kizingitini, vimepangwa vizuri pamoja, ncha zikielekea baharini.

Hakukumbuka kuvivua.